Nilimkosoa mzee aliyenipa kazi, na sasa karatasi yake imenirudia

Mama Mshauri,

Pokea salamu kutoka Kadutu, mjini Bukavu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 29, na huu ni mwaka wangu wa saba darasani. Tangu mwanzo wa mwaka ninafuata mafunzo ya Jumamosi kuhusu namna ya kupanga masomo, ambayo yanatukusanya walimu 23 kutoka Kadutu, Ibanda na Bagira. Kila baada ya majuma mawili kila mmoja wetu hupanga somo moja, hulifundisha katika darasa lake mwenyewe, kisha huandika tafakuri ya kurasa mbili: alikusudia nini, alichagua njia gani na kwa sababu gani, kilitokea nini, na akirudia somo hilo atabadilisha nini. Karatasi huchanganywa, kila mtu huchota mbili za wenzake, huenda nazo nyumbani na kuziandikia mrejesho. Jumamosi inayofuata mirejesho husomwa kwa sauti mbele ya wote.

Miezi mitatu ya kwanza tuliandikiana maneno mazuri tu: «Kazi nzuri, Papa, Mungu aendelee kukutia nguvu.» Hakuna aliyelalamika. Kisha asubuhi moja mkufunzi alitandaza mirejesho yetu mezani na kutuambia kwamba tukifuta majina, hakuna atakayeweza kutambua ni mrejesho gani ulioandikiwa karatasi gani. Tangu siku hiyo mrejesho tunaowaandikia wenzetu unahesabiwa pointi 20 katika 100. Nakiri kwamba maneno yake yalinigusa, kwa sababu muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimekesha nikiandika juu ya somo lililonishinda kabisa, na kutoka kwa wenzangu wawili nilipata «Très bien, Mama», yaani vizuri sana, na «Courage», yaani jipe moyo, basi. Nililia siku ile, Mama, ingawa nilikuwa nimesifiwa.

Nilipochota tena, nilipata karatasi ya mzee mmoja ambaye nitamwita Papa, kama ninavyomwita kila siku. Ana miaka 58. Alikuwa direkta wangu wa kwanza; nilipomaliza masomo, baba yangu akiwa amefariki, ni yeye aliyenipokea katika shule yake bila kuniomba kitu chochote. Siku hizi amerudi kushika darasa mahali pengine. Somo lake lilikuwa la hesabu, juu ya sehemu, katika darasa la watoto 71. Lengo aliloandika ni kwamba mwisho wa somo mwanafunzi ataweza kulinganisha nusu, theluthi na robo. Alileta mikate mitatu, akaikata mbele yao, akaeleza, kisha akatoa jaribio la maswali matano, yote yakimtaka mtoto aandike kwa Kifaransa maana ya sehemu, ya namba ya juu na ya namba ya chini. Watoto 12 tu walifaulu. Katika tafakuri yake alisema kwamba watoto hawasomi nyumbani, kwamba madarasa yamefurika tangu shule ya msingi ilipofanywa ya bure, na kwamba atarudia somo na kuwakaririsha zaidi. Aliandika pia kwamba alipokuwa akikata mkate watoto walifanya fujo, wakigombana kwa Kiswahili juu ya nani amepata kipande kikubwa, hata ikambidi awanyamazishe ili somo liendelee.

Nilichukua biki nyekundu na kuandika pointi saba. «Jaribio lako halipimi lengo lako.» «Umezungumza peke yako karibu somo lote.» «Unawalaumu watoto badala ya kujiuliza wewe mwenyewe ulifanya nini.» Niliamini kila neno, na bado ninaliamini. Waraka uliposomwa, Papa alisikiliza ameinamisha kichwa, akaikunja karatasi mara nne, akaitia katika mfuko wa shati na kusema: «Asante, mwanangu.» Kwenye ngazi mama mmoja wa kundi letu aliniambia kwamba nimemvua mzee nguo mbele ya watoto wake. Mkufunzi alinipa 18 kwa 20.

Sasa bahati imenirudishia karatasi yake. Safari hii ameandika nusu ukurasa: «Somo lilikwenda vizuri. Wanafunzi walifurahi. Sina la kubadilisha.» Nimekaa nayo siku nne. Nikiandika ukweli nitamwumiza tena, nikisifu nitakuwa mwongo na pointi zangu zitashuka. Nimefikiria kumwomba mkufunzi anibadilishie karatasi. Nimefikiria kwenda kwa Papa kumwomba msamaha, lakini nitaombaje msamaha kwa jambo ambalo lilikuwa kweli? Nisaidie, Mama.

Mwalimu wa Kadutu

JIBU

Mwanangu mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama mahali tofauti. Umebeba mambo mawili kwa pamoja: deni la heshima kwa mtu aliyekufungulia mlango wakati ulipokuwa huna wa kukusemea, na wajibu wa mwalimu ambaye ameona kosa katika somo na hawezi kujifanya hakuliona. Unaniuliza ni lipi kati ya hayo mawili liwekwe chini. Naomba tusiharakishe kufika huko, kwa sababu sina hakika kwamba mambo hayo yanapingana kama yanavyoonekana kutoka mahali ulipoketi na hiyo karatasi ya nusu ukurasa.

Nianze na mkate. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba watoto waligombana kwa Kiswahili juu ya nani amepata kipande kikubwa. Lengo la Papa lilikuwa mtoto aweze kulinganisha nusu, theluthi na robo. Sasa mtoto anayesimama na kusema kwamba mwenzake amepewa kikubwa, na mwingine anayemjibu kwamba vyote ni sawa kwa kuwa mkate umekatwa mara nne, wanafanya nini kama si kulinganisha? Yaani kile Papa alichokitafuta kilitokea mbele ya macho yake, katikati ya somo, kwa lugha ambayo watoto wanaitumia nyumbani wanapogawiana chakula, naye akakiita fujo na kukinyamazisha. Kisha akatoa jaribio la Kifaransa juu ya maana za maneno, na jaribio likamwambia kwamba watoto 59 hawajui kitu. Pengine lilimdanganya. Pengine wengi wao walikuwa wanajua kulinganisha na hawakujua kufafanua, na hayo ni mambo mawili.

Kwa hiyo pointi yako ya kwanza, kwamba jaribio halikupima lengo, ilikuwa sahihi. Ni jambo ambalo mtaalamu wa elimu wa Australia, John Biggs, alilisisitiza sana katika miaka ya 1990: lengo, kazi wanayoifanya wanafunzi na namna ya kuwapima lazima vivute upande mmoja, la sivyo mtoto atajifunza kile kinachopimwa na kuliacha lengo. Lakini katika pointi zako saba, kama ulivyonisimulia, sioni ule mstari wa mkate. Ulipita juu yake kama Papa alivyopita juu yake. Sikulaumu. Nakuonyesha tu kwamba habari iliyo kali kuliko zote juu ya somo lile ilikuwa pia habari njema kuliko zote, na kwamba ingeweza kuandikwa katika sentensi moja ambayo haina sifa za uongo wala haimvui mtu nguo.

Swali langu la pili ni zito kidogo, nawe ulipokee kama linavyotoka kwa mtu anayekupenda. Ulipochukua biki nyekundu, ulikuwa unamwandikia nani? Mkufunzi alikuwa ametoka kusema kwamba mirejesho yenu haina maana, alikuwa ameiwekea pointi 20, na wewe mwenyewe ulikuwa na kidonda cha ile «Très bien, Mama». Inawezekana kwamba sehemu ya waraka ule ilimwendea mkufunzi ili aone kwamba wewe unaona, na sehemu nyingine iliwaendea wale wenzako wawili waliokunyima maneno siku uliyoyahitaji. Papa alikuwa ameketi mahali ambapo barua hizo zote zilipita. Kama si hivyo, liache swali hili. Ni wewe pekee unayejua.

Nami nimepita huko. Wakati wa mafunzo yangu ya ualimu, mwanafunzi alifundisha somo mbele ya wenzake na mwalimu wetu, na lilipokwisha sote tuliketi kumkosoa, mmoja baada ya mwingine, na aliyepata makosa mengi ndiye aliyeonekana ana akili. Siku yangu ilipofika, makosa yangu yalijaza ukurasa. Leo siyakumbuki, hata moja. Ninachokumbuka ni msichana mmoja aliyeuliza: «Yule mtoto aliyeketi karibu na dirisha, ulimwona wakati unaandika ubaoni?» Sikuwa nimemwona. Tangu siku ile sijaandika ubaoni bila kugeuka. Walimu wa rika la Papa wamekulia katika desturi hiyo ya kukosoana hadharani, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu tumebaki na njia mbili tu mkononi, kumsifu mtu au kumhesabia makosa, kana kwamba hakuna ya tatu.

Jambo hili limechunguzwa pia na wataalamu. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi juu ya mrejesho, wakakuta kwamba kwa wastani unasaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyapima, watu walifanya vibaya zaidi baada ya kuupokea. Maelezo yao yananirudisha kwenye barua yako: mrejesho ukiigeuza akili ya mtu kutoka kwenye kazi na kuielekeza kwenye nafsi yake, yaani mimi ni nani mbele ya hawa, nguvu zake huishia katika kujilinda. Linganisha sentensi zako mbili. «Jaribio lako halipimi lengo lako» inazungumzia jaribio. «Unawalaumu watoto badala ya kujiuliza» inazungumzia mwanaume wa miaka 58, inamhukumu tabia yake, na ilisomwa kwa sauti mbele ya watu 22 ambao baadhi yao ni wa umri wa watoto wake.

Tena tusisahau kwamba hukupewa fishi ya somo uikague kama enspekta. Ulipewa tafakuri. Fishi inaonyesha mtu alichopanga, lakini katika tafakuri mtu anafungua mlango na kukiri kwamba kati ya watoto 71 ni 12 tu waliofaulu. Hakulazimika kuandika namba hiyo. Angeweza kuandika kwamba somo lilikwenda vizuri, na sasa ona, ndivyo alivyoandika safari hii. Ninaogopa kwamba ule nusu ukurasa ndio jibu lake kwa pointi zako saba. Lakini ninasema ninaogopa, sisemi ninajua, kwa sababu hujaniambia kama umezungumza naye tangu siku ile. Huenda alikuwa mgonjwa. Huenda nyumbani kwake kuna mambo. Huenda pia hakuumizwa na wewe hata kidogo, aliumizwa na usomaji ule wa hadharani, na karatasi aliyoitia mfukoni ameisoma tena peke yake usiku. Mtu anayetaka kutupa karatasi haikunji mara nne.

Sasa tuzitazame njia ulizozitaja. Kumsifu tu kunaweza kuonekana kama amani, lakini Papa alikuwa direkta, amesoma maandishi ya walimu maisha yake yote, na atatambua mara moja kwamba binti yake ameamua kumficha. Kwa watu wengine hiyo huuma kuliko ukali, kwa kuwa inamwambia mzee kwamba hawezi tena kuambiwa neno. Kubadilishiwa karatasi kungekupumzisha, na siwezi kukuambia kwamba si halali. Kuna wakati mtu hana nguvu. Hatari yake ni kwamba kundi la watu 23 halina siri, na Papa akisikia kwamba uliikataa karatasi yake, atajitafutia sababu mwenyewe.

Ukiamua kuandika, watafiti John Hattie na Helen Timperley walipendekeza mwaka 2007 kwamba mrejesho wenye faida unamsaidia mtu kujibu maswali matatu: ninakwenda wapi, nimefikia wapi, na hatua inayofuata ni ipi. Ninayapenda kwa sababu yanaanzia kwenye nia ya mwandishi mwenyewe, na hapo ndipo heshima inapokaa. Kwa karatasi ya kwanza ingeweza kuwa hivi: «Papa, uliandika kwamba unataka walinganishe nusu na robo. Walipogombania mkate, walikuwa wanasemaje hasa? Na katika maswali matano ya mwisho, ni lipi ambalo lingemwezesha mtoto aliyekuwa anagombana akuonyeshe kile alichokijua?» Lakini hapa pia kuna hatari, nami sitakuficha. Swali linaweza kuwa mtego, hasa linapotoka kwa kijana kwenda kwa mzee. Kama jibu unalo tayari na unataka tu akiri, atalisikia hivyo, na afadhali ungesema wazi. Swali linasaidia pale ambapo wewe mwenyewe hujui jibu. Mimi kwa kweli sijui watoto wale walisemaje, na ningependa sana kujua.

Na wale watoto 71? Uliita hiyo lawama. Wewe unafundisha mji huohuo, nawe unajua tangu shule ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa mwaka 2019 madarasa yamekuwaje. Papa alitaja jambo la kweli. Alichokosa ni kuuliza mpango wa somo ufanyeje ndani ya hali hiyo, kwa mfano mikate mitatu inawatosha vipi watoto 71, au wakae makundi gani ili wengi washike na wazungumze. Hilo ni swali mnaloweza kulitafuta pamoja, kwa kuwa hata wewe sidhani kama umelimaliza darasani kwako. Ulisema kuna somo lililokushinda kabisa. Papa analijua?

Juu ya msamaha, umeniuliza mtu ataombaje msamaha kwa jambo la kweli. Nadhani umefunga vitu viwili katika kitambaa kimoja. Mtu anaweza kuomba radhi kwa namna, kwa mahali na kwa neno moja lililogusa tabia, bila kufuta alichokiona juu ya jaribio. Lakini pia anaweza kwenda na msamaha mkubwa mno, hadi mzee alazimike kumfariji, na somo la sehemu lisitajwe tena kamwe. Kama utakwenda nyumbani kwake, itakubidi upime mwenyewe ni kiasi gani cha maneno kinatosha. Wewe unamjua, mimi simjui.

Liko pia jambo lisilo lako peke yako. Utaratibu wa kusoma mirejesho kwa sauti na kuitia pointi unawafanya wote 23 waandike wakimtazama mkufunzi. Inawezekana kumwomba, wewe au ninyi kadhaa pamoja, kwamba mrejesho umfikie mwenyewe kwanza, na kwamba kila mmoja aandike juu ya tafakuri yake mistari miwili ya msaada anaoutaka: hapa nimekwama, hapa naomba macho ya mtu mwingine. Mkufunzi anaweza kukataa, au akadhani unatetea pointi zako. Hata hivyo 18 kwa 20 inakupa nafasi ya kusema hilo bila kuonekana unalalamikia alama, na kwa mtu kama Papa mistari ile miwili ingekuwa ruhusa ambayo yeye mwenyewe ameitoa.

Karatasi ya sasa, ile ya nusu ukurasa, haina mengi ya kuandikiwa, na sidhani kwamba jibu la jambo hili limo ndani yake. Kama utapata nafasi ya kuketi naye kabla ya Jumamosi, huenda ikafaa kumwomba mtazame pamoja ile ya kwanza, ikiwa bado anayo mfukoni, mahali pale alipoandika kwamba watoto walifanya fujo. Niandikie tena unijulishe walikuwa wanasema nini juu ya ule mkate.

Mama Mshauri